Bob Gibson Wangu na Dadu Iliyoegemea

Tumefika nusu ya msimu, mechi 81 kati ya 162, na timu yangu inaburuta mkia. Timu iliyo juu yetu kwenye msimamo ikitaka kutuona, lazima igeuke na kukodoa macho.

Kwa asiyeujua mchezo huu, ni besiboli ya mezani, ya kadi na dadu. Tunacheza Strat-O-Matic, ambayo Hal Richman aliiingiza sokoni 1961. Kila kadi ni mchezaji wa kweli wa Marekani, imetengenezwa kutokana na takwimu za msimu wake mmoja. Unatupa dadu tatu. Nyeupe ndiyo hakimu: ikitoka 1, 2 au 3, unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6, unasoma ya mrushaji. Zile mbili nyingine unajumlisha, unashuka na safu hadi kwenye namba yako, unasoma majaliwa yako. Basi. Watu wazima wenye kazi na familia tunagombana kwa ajili ya hilo hadi usiku wa manane.

Ligi yetu inachanganya wachezaji wa enzi zote, na kila meneja hupewa pesa za kubuni za kununulia kikosi. Wenzangu walinunua watu wa wastani, mmoja hapa, mmoja pale, kama wahasibu. Mimi nikamchukua mpigaji Babe Ruth wa 1927, yule wa homurani 60, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kuleta mkimbio, ambao ndio pointi. Halafu mrushaji Bob Gibson wa 1968, aliyemaliza msimu akiruhusu wastani wa mikimbio 1.12 kwa kila inningi tisa, yaani mechi nzima. Mwaka ule warushaji waliwanyanyasa wapigaji kiasi kwamba msimu uliofuata kilima anachosimama mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Mtu wa namna hiyo unamwachaje dukani?

Chenji iliyobaki ndiyo ikajaza kikosi. Shotistopu wangu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, ana daraja la 5 la ulinzi, na kwenye mchezo huu 1 ndiyo bora na baada ya 5 hakuna kitu. Nyuma ya Ruth kwenye zamu ya kupiga nimempanga bwana mmoja wa 1991 mwenye wastani wa .179, yaani hafikishi mapigo mazuri 18 kwa majaribio 100. Alipiga homurani 25 mwaka huo, na straiki tatu, yaani makosa matatu ya kupiga, zikamrudisha benchi mara 175. Mimi nilisoma ile 25.

Shemeji yangu alisoma ile 175. Kila Ruth akikanyaga kwenye sahani, pale anaposimama mpigaji, shemeji hata dadu hagusi. "Mpe besi ya bure," anasema, huku anakunywa soda. Ruth anatembea hadi besi ya kwanza, bwana .179 anaingia, inningi inakwisha. Nina mpigaji mwogofya kuliko wote duniani na kazi yake ni matembezi.

Sasa njoo kwenye mechi yenyewe. Inningi ya tisa, ya mwisho, tunaongoza 2–1, wao wana auti mbili, ya tatu ikija wamekwisha, na mtu wao yuko besi ya kwanza. Anayerusha ni Gibson. Shemeji anatikisa dadu viganjani kama anayeombea mvua, anazitupa. Mbili zinatulia. Nyeupe inabingirika, inagonga kitabu cha sheria, inasimama. Nne! Kadi ya Gibson! Nashuka na safu: auti. Nikainuka kushangilia.

"Shem," akasema taratibu, "hebu kaa kwanza. Hiyo dadu imelala?"

"Imelala kabisa."

"Imeegemea kitabu, shem."

"Imeegemea kidogo tu! Hata wewe umeegemea kiti, mbona umehesabiwa?"

Akainama, jicho moja usawa wa meza, akapitisha kipande cha karatasi chini ya dadu. Kikapita. Kikatokea upande wa pili! Sheria ya ligi yetu inasema dadu isiyolala bapa inarudiwa, na aliyeipendekeza sheria hiyo, mwanzoni mwa msimu, kwa hotuba ndefu kuhusu haki, ni mimi.

Akarudia. Nyeupe ikatoka 2. Kadi ya mpigaji.

Hapo ndipo uchungu wa mchezo huu ulipo, na sijaona meneja aliyeuzoea. Gibson wa 1968 aliruhusu homurani 11 tu mwaka mzima. Lakini dadu nyeupe ikitoka 2, Gibson hayupo. Nusu ya dadu zote zinampita kama mpita njia, kadi yake inabaki mezani ikikutazama. Tukasoma safu ya mpigaji wao, mtu ambaye hata jina lake sikuwa nimejishughulisha kulisoma. Homurani. Yeye na yule wa besi ya kwanza wote wanaingia: 3–2, mechi imekwisha.

Shemeji, kwa huruma yake, akajaribu kunifariji. "Usijali, shem. Hata Gibson mwenyewe alipoteza mechi 9 mwaka ule."

Ni kweli. Alishinda 22 akapoteza 9, na wastani ule ule wa 1.12, kwa sababu siku nyingine wenzake hawakupata hata mkimbio mmoja. Ila huyu wangu tisa zake alishazimaliza, na tumebakiza nusu ya msimu.

Nilipeleka malalamiko kwa mameneja wenzangu. Wakanisikiliza kwa heshima zote, wakapitisha kwamba kuanzia sasa dadu zitupwe ndani ya boksi la viatu, bila kitabu cha sheria karibu. Mechi ya marudiano tukatumia hilo boksi. Dadu zote zililala bapa tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyebisha hata mara moja, na tukafungwa 11–2.