Betri ndiyo inayosumbua, si mfumo

Kuna fundi anasema gari lenye mfumo wa kuzima injini lenyewe likisimama kwenye foleni linakula mafuta zaidi kwa sababu kila likiwaka upya linamwaga petroli. Si kweli. Injini ikiwa ya moto, kuiwasha kunatumia mafuta sawa na kuiacha ingurume sekunde chache tu, na foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali hapa Dar haijui sekunde, inajua dakika. Nina Mazda Demio yenye mfumo huo, Mazda wanauita i-stop, mwaka wa nne sasa, kwa hiyo sisimuliwi. Wajapani nao hawakuuweka kwa urembo: katika JC08, kipimo chao cha zamani cha ulaji wa mafuta, karibu asilimia 30 ya muda gari lilikuwa limesimama, hivyo injini ikijizima, kilomita kwa lita zilipanda kwenye makaratasi. Kwetu tatizo ni betri. Iliyokuja na gari iliandikwa Q-85, maalumu kwa kuwasha mara kwa mara. Ilipochoka, duka moja mjini likanifungia ya kawaida, "ni ileile tu bosi." Wiki ya tatu taa ya kijani ya i-stop ikagoma kuwaka, na asubuhi starta inavuta kama mgonjwa. Wengi wakifika hapo wanalaumu mfumo. Ninachokubali ni joto: injini ikizima, kiyoyozi kinabaki kupuliza upepo tu, na Februari hiyo hapana, nabonyeza OFF ya i-stop. Wenzangu wa Vitz na Note, betri za aina hii mnazipata wapi ambazo si za mtumba?