Bei Inapungua Jioni

Kosa lenyewe lilikuwa silabi moja kwenye msimbo wa tovuti. Nilitakiwa kuandika `#tangazo`, mkono ukaandika `#matangazo`. Hiyo "ma" nusura ivunje ndoa kabla haijafungwa.

Nianze na samaki. Mama mmoja anayeuza samaki pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, aliniagiza tovuti ya kurasa 5: mwanzo, sato, sangara, dagaa na jinsi ya kuagiza. Mimi natumia Vue 3, fremu ya JavaScript ya kutengenezea tovuti, na huko hakuna haja ya kuandika kichwa na kijachini upya kila ukurasa. Unaunda komponenti moja, yaani kipande cha msimbo kinachotumika tena na tena, inayobeba umbo la ukurasa, unaiachia matundu yanayoitwa sloti, kisha kila ukurasa unajaza matundu hayo kwa vitu vyake, ukilitaja kila tundu kwa alama ya `#` na jina lake. Yangu nikaiita Kiunzi, ikawa na sloti 4: `kichwa`, `tangazo`, `kijachini`, na ile isiyo na jina inayopokea mwili wa ukurasa.

Tangazo la mama lilikuwa lilelile kurasa zote, na mimi ni mvivu wa kurudia. Vue inaruhusu kuweka maneno ya akiba ndani ya sloti yenyewe: ukurasa usipojaza tundu, akiba ndiyo inatokea. Nikayaweka humo, ndani ya Kiunzi, maneno ya mama kama alivyoyatamka:

"Mzigo umeingia alfajiri, bado mbichi! Tunapara na kutoa matumbo bure. Mabondo yanauzwa kando. Bei inapungua jioni."

Mama akafurahi, akanilipa, na sato wawili juu.

Baada ya miezi miwili binti wa dada yangu akachumbiwa na kijana wa Sengerema. "Anko, tutengenezee ukurasa wa mwaliko." Kazi ya nusu siku hiyo, Kiunzi si kipo? Nikakinakili kilivyo, bluu ya ziwa nikaigeuza dhahabu, nikajaza kichwa, ratiba, namba ya michango na picha ya maharusi wakiwa Capri Point, ziwa nyuma yao. Chini ya picha ndipo lilipo tundu la tangazo. Nikatunga maneno matamu ya kuwakaribisha wageni, nikayafungia ndani ya `#matangazo`.

Vue hupiga kelele kwa mambo mengi. Ukikosea jina la komponenti, konsoli ya kivinjari inakuonya. Ukipitisha namba mahali pa maandishi, inakuonya. Lakini ukijaza sloti ambayo haipo, kimya! Inapokea maneno yako kwa adabu, inayatupa, na tundu la kweli likiona halijajazwa linatoa akiba yake. Mimi muda wote nilikuwa juu ya ukurasa nabishana na rangi ya dhahabu. Sikushuka chini ya picha hata mara moja.

Kiungo kikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kamati saa 2 usiku. Saa 2 na dakika 10 mshenga akapiga.

"Mjomba mtu, shikamoo. Mzee wa Sengerema ana swali."

"Marahaba. Swali gani?"

"Anasema mahari tuliimaliza saa 4 asubuhi, ng'ombe wote tukawahesabu. Sasa anasoma hapa chini ya picha ya bibi harusi kwamba bei inapungua jioni. Anauliza, ile haraka ilikuwa ya nini?"

Nikafungua ukurasa. Mpwa wangu anatabasamu, shela inapepea, na chini yake: mabondo yanauzwa kando.

Kwa kiherehere sikuliona lile "ma". Nikajiambia, nitalijaza tundu kwa utupu: nikaongeza `#tangazo` isiyo na kitu ndani, nikapandisha. Tangazo lipo. Nikaweka ndani yake maoni ya HTML, yale asiyoyaona msomaji. Lipo. Nikaweka aya yenye `v-if="false"`, yaani sharti la kutoichora kamwe. Mzigo umeingia alfajiri, bado mbichi. Huku shangazi mmoja ameshaandika kundini, "Kutoa matumbo ni bure kwa wageni wote au upande wa bwana harusi tu?"

Sababu niliielewa baadaye, nilipotulia. Vue 3 haiulizi tu kama umeleta kitu kwa ajili ya sloti, inachungulia ulicholeta. Ikikuta orodha tupu, au maoni matupu, inahesabu kwamba hujaleta kitu na inarudisha akiba. Na `v-if` ikishindwa huacha maoni mahali pake, kwa hiyo ile nayo ni bure. Akiba haizimwi kutoka kwenye ukurasa kwa utupu wa aina hii. Inafutwa kule ilikoandikwa.

Nikaifuta. Ukanda mzima wa tangazo nikaufungia kwenye `v-if="$slots.tangazo"`, usichorwe kama hakuna aliyeleta sloti hiyo. Nikapandisha, na kumbe ile `#tangazo` tupu ya kiherehere ilikuwa bado ipo: kwa `$slots` sloti imeletwa, iwe na kitu au isiwe nacho, basi ukabaki ukanda wa dhahabu usio na neno. Nikaitoa hiyo nayo, na ndipo macho yakaangukia "ma".

Ukurasa ukapona, WhatsApp haikupona. Maelezo yanayotokea pamoja na kiungo yalitoka kwenye propu (thamani ambayo ukurasa huipitisha kwa komponenti) ya Kiunzi, niliyoipa thamani ya kuanzia, "Sato, sangara na dagaa, jumla na rejareja", na maelezo hayo hubaki yamegandamana na ujumbe uliokwisha tumwa hata ukibadilisha tovuti. Ikabidi mwenyekiti wa kamati aufute ujumbe na kuutuma upya, baada ya watu kuupiga picha.

Sasa Kiunzi changu ni bubu. Hakina neno la mteja ndani yake, ni matundu tu. Juu yake kuna KiunziSamaki, kinachokifunika na kujaza `#tangazo` la mama mara moja kwa kurasa zake 5, na kipo KiunziHarusi chenye yake. Uvivu wangu umebaki vilevile, umehamia tu ghorofa ya juu. Pia nimeweka mistari michache inayosoma majina ya sloti zilizoletwa, yaliyomo kwenye `useSlots()`, wakati wa kutengeneza, ikikuta lisilojulikana inaandika onyo jekundu. Imeshanikamata mara 3.

Siku ya harusi wageni wa Sengerema walivuka na kivuko cha Kamanga tangu mchana. Mzee peke yake hakuonekana. Jua lilipokaribia kuzama ndipo akaingia ukumbini, akanitafuta, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mjomba," akasema, "nimechelewa makusudi."