Mkikata Kona ya Ramani Mnadanganya Watu

Jana nimetumiwa ramani moja mara kadhaa na watu wasiojuana. Uingereza nzima imepakwa zambarau, upande wa mashariki rangi imekolea mpaka imekuwa pinki, na juu yake mtu kaandika kwa herufi kubwa: THELUJI SENTIMITA 40 JUMANNE. Wa mwisho kuituma ni rafiki yangu, na huyo ndiye ninayemlaumu hasa, maana yeye anajua. "Dada, safari hii hatukosi! Umeona mashariki kulivyoiva?"

Nikaikuza ile picha kutafuta maandishi ya kwenye kona, pale ambapo kila ramani ya modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, hueleza imetoka toleo lipi la hesabu na inatazama saa ngapi mbele. Hayapo. Yamekatwa, tena kwa ustadi, mtu katulia akapima na kidole chake. Nikaenda kuitafuta ramani yenyewe. GFS, modeli ya Wamarekani, toleo la Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa 276 mbele. Narudia: saa 276. Hiyo Jumanne inayotangazwa wala siyo hii inayokuja, ni ya wiki ile nyingine, siku kumi na moja na nusu tangu kompyuta ilipoanza kupiga hesabu. Lakini nani atajua? Kona haipo.

Niseme kabla hasira haijapoa: ramani ya utabiri isiyo na saa yake ni uongo. Na anayeikata anajua anachokata, kwa sababu angeiacha, nusu ya watu wangecheka na kuendelea na shughuli zao.

Msidhani mimi ni wa upande ule wa wanaoichukia baridi. Theluji naitaka. Naitaka kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye kazi ya kuamkia. Kwa sisi wagonjwa wa jambo hili, siku ina matoleo manne ya GFS, na mambo mengine yote hupangwa kuyazunguka. Lile la jioni, linaloanza kutoka kama saa tatu na nusu usiku, Waingereza wenyewe wanaliita toleo la baa: linatoka wateja wakiwa kwenye glasi ya tatu, na sifa yake ni kusema makubwa ambayo asubuhi halikumbuki. Ile ramani ya zambarau ni ya toleo la baa. Ningeshangaa kama ingekuwa ya jingine.

Na ikifika siku yenyewe, modeli zote zinafungwa, tunahamia dirishani. Unazima taa ya ndani, unafungua pazia upana wa uso, unakodolea macho taa ya barabarani. Ardhi haina habari bado, lami ni nyeusi na inang'aa, lakini kwenye ule mwanga wa taa unaona kila kitu. Tone la mvua linapita mara moja, limenyooka, huwezi kulifuata. Kisha kuna lile linalokuja zito, limelowa, nusu maji nusu barafu, hilo linashuka haraka pia lakini linayumba kidogo mwishoni. Halafu, ukibahatika, moja linachelewa. Linaingia kwenye mwanga kutoka pembeni, linapanda kidogo, linageuka, ndipo linashuka. Hapo ndipo watu wazima na heshima zao wanaanza kuamshana.

Kwa hiyo kutamani nakuelewa. Kudanganya sikuelewi.

Tuzungumze kidogo kuhusu ugumu wa jambo lenyewe katika visiwa hivi. Bahari imetuzunguka, na upepo wa magharibi unatuletea hewa ya Atlantiki karibu majira yote ya baridi, hewa yenye uvuguvugu na unyevu, hewa ya manyunyu. Ili tupate theluji ya kueleweka, mara nyingi inabidi mgandamizo mkubwa wa hewa uende ukae huko Skandinavia, upepo ugeuke utoke mashariki, hewa ya huko juu, kwenye mita 1500 hivi, iwe angalau nyuzi 5 chini ya sifuri, na huku chini kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka umande, nacho kiwe kimeteremka chini ya sifuri. Kikosekane kimoja tu, unapata mvua ya nyuzi 2, ambayo ndiyo hali ya hewa mbaya kuliko zote alizoziumba Mungu. Tena kuna ile michezo ya saa za mwisho: theluji inapoyeyuka njiani inaiibia hewa joto lake, kwa hiyo ikinyesha kwa nguvu baridi inashuka nayo mpaka chini, na mvua iliyokukatisha tamaa saa mbili usiku inakuwa nyeupe saa tatu. Isiponyesha kwa nguvu, hakuna. Nusu nyuzi tu inaamua. Nimeona watabiri wenye shahada zao wakibishana juu ya hiyo nusu nyuzi zikiwa zimebaki saa sita. Saa sita! Halafu wewe unanitangazia sentimita 40 kutoka saa 276.

Hizo sentimita zenyewe basi. Ramani nyingi za kina cha theluji zinachukua milimita 1 ya maji na kuihesabu kuwa sentimita 1 ya theluji, basi. Haziulizi kama ardhi ina joto, haziulizi kama theluji imelowa, haziulizi kama inayeyuka inavyofika. Ukiona 40, jua kuna kanuni ya kuzidisha kwa kumi imejificha humo.

Jambo hili halijagunduliwa juzi. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa pale chuo cha MIT, Marekani, alikuwa na modeli yake ndogo ya hewa kwenye kompyuta. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, kwa sababu karatasi iliyochapwa ilionyesha tarakimu tatu tu. Akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya kompyuta ilikuwa imekwenda njia nyingine kabisa. Tofauti ile ilikuwa ndogo kuliko makosa yanayoingia kila siku kwenye vipimo vyetu, kwa sababu hakuna anayejua hewa ya dunia nzima iko vipi sasa hivi. Tunakisia vizuri, basi, na kosa la leo linakua kila saa inayopita.

Ndiyo maana tangu 1992 vituo vikubwa haviendeshi hesabu moja tu. ECMWF, kituo cha utabiri cha nchi za Ulaya, wale wa Reading, wanaendesha 51, kila moja ikianza na tofauti ndogo, kisha wanaangalia zinakubaliana wapi na zinatawanyika wapi. GFS nayo ina kundi lake. Na haya yote yako wazi, bure, mtu yeyote mwenye simu anayaona. Nikafungua kundi la Alhamisi hiyohiyo. Mpaka Jumanne hii inayokuja mistari, kila hesabu na wake, imeshikana vizuri, baridi ya kawaida, ukungu wa asubuhi. Baada ya hapo inatawanyika: michache inashuka kwenye baridi ya kweli, mingi inabaki pale katikati kwenye upepo wa magharibi na manyunyu, mmoja umepanda mpaka nyuzi 13. Yaani kutoka humohumo ningeweza kukukatia ramani ya kuvaa fulana. Mbona hiyo haikutumwa?

Jibu tunalijua. Ukiwa na makumi ya ramani za siku ya kumi na moja, theluji utaipata tu, haiwezi kukosekana. Kuichagua hiyo moja, kuificha idadi ya wenzake, kisha kuificha na saa yake ni kazi ya mikono, jamani, haijitokezi kwa bahati mbaya.

Najua mtakachosema. "Mbona 2018 ilikuja?" Ndiyo, ilikuja. Februari 2018, juu ya ncha ya kaskazini, hewa ya stratosfia, lile tabaka la juu ya mawingu, ilipanda joto ghafla, zile pepo za huko juu zikageuka, na mwisho wa mwezi upepo wa Siberia ukatufikia na jina lake, Mnyama wa Mashariki. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, wakatoa tahadhari nyekundu ya theluji Scotland, kesho yake kusini-magharibi mwa England na kusini mwa Wales. Nakubali kwa shingo upande: dalili zilikuwa zinaonekana siku nyingi kabla, na waliopiga kelele mapema hawakuaibika. Lakini zilionekana kwenye kundi zima. Toleo baada ya toleo, modeli baada ya modeli, zote zikiimba wimbo mmoja. Hakuna aliyehitaji mkasi.

Mbona hamsemi 2019? Mwanzoni mwa Januari 2019 stratosfia ilifanya vilevile. Joto likapanda, pepo zikageuka, watu wakaanza kuhesabu siku, wengine wakaitangaza 2018 ya pili. Tukapata theluji kiasi mwishoni mwa Januari, siikatai. Kisha tarehe 26 Februari pale Kew Gardens, London, kipimajoto kikasoma nyuzi 21.2, rekodi ya majira ya baridi kwa Uingereza nzima. Watu walikuwa wamelala kwenye majani bustanini. Hiyo ndiyo "2018 ya pili" tuliyoahidiwa.

Magazeti yanayotangaza mwisho wa dunia kila Oktoba sina muda nayo, yale yanauza karatasi.

Kilichonikera zaidi ni jirani yangu. Mama wa makamo, mtaratibu, magoti yanamsumbua, barafu ya njiani ni adui yake wa kweli. Mwaka jana alipata ramani ya aina hii kutoka kwa mpwa wake. Akapiga simu akaahirisha miadi ya hospitali aliyoisubiri kwa miezi. Siku yenyewe ikafika na manyunyu na nyuzi 7. Nilimkuta mlangoni anaangalia barabara iliyolowa, akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wa hali ya hewa hawajui lolote." Nikajaribu kumweleza kwamba watu wa hali ya hewa hawakusema kitu kama hicho, kwamba Met Office haikutoa tahadhari yoyote wiki ile. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyedanganywa.

Sasa niambieni, siku tahadhari nyekundu itakapotoka kweli, mama huyu ataisikiliza? Si atasema ni walewale? Deni la uongo wenu linalipwa na mtabiri aliyekaa usiku kucha akibishana juu ya nusu nyuzi, na atakayeanguka kwenye barafu ni mama wa watu mwenye magoti mabovu. Hili sifanyii mzaha.

Na nyie wa upande wa pili, mnaokuja kila mwaka kutuuliza tunawezaje kutamani kitu kinachoua watu. Mnayo hoja, kidogo. Texas, Februari 2021, umeme ulikatika kwenye mamilioni ya nyumba wakati wa baridi kali na zaidi ya watu 200 walikufa. Hakuna mpenzi wa theluji mwenye akili anayeisoma hiyo akatabasamu. Ila anga haipokei maombi yangu, na nikiacha kutamani leo hakuna bomba hata moja litakaloacha kuganda. Nendeni mkawaulize wenye mitambo ya umeme kwa nini hawakuiandaa kwa baridi.

Kuhusu Krismasi nyeupe sitasema mengi. Met Office wanahesabu hata chembe moja ikionekana ikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, kwa hiyo miaka mingi inatosha mtu mmoja kwenye kilima huko Scotland aone chembe, na watu wa London waliokaa kwenye mvua wanahesabiwa nayo. Krismasi nyeupe ya kuonekana nchi nzima ya mwisho ninayoihesabu ni ya 2010. Wale wa modeli za akili bandia nao naona wameanza kutamba tangu ECMWF walipoiingiza yao kazini Februari 2025. Sawa, ni nzuri, ni za haraka. Zinakatwa kona vilevile.

Rafiki yangu nimemjibu. Nimemtumia kundi zima, mistari yote, pamoja na ule wa nyuzi 13. Akanyamaza kidogo, kisha: "Dada na wewe unapenda kuharibu raha za watu." Nikamwambia raha yake iko palepale, mistari ya baridi ipo, si ameiona? Hata mimi naiangalia hiyohiyo. Aseme tu iko mingapi na iko mbali kiasi gani, atume na hiyo, watu watafurahi naye bila kuahirisha hospitali. Hajajibu mpaka sasa, lakini ninavyomjua, yuko macho. Toleo la saa sita usiku linaanza kutoka saa tisa na nusu alfajiri. Mtu asinipigie simu kabla ya hapo.