Nimekabidhiwa Vipanga

Jamani, mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Miaka 11 nafundisha kutoa kwa kukopa, na miaka 11 watoto wanasahau kukopa. Nasahihisha, naandika "Ongeza bidii", nakwenda kunywa chai. Kumbe yalikuwa maisha matamu, sikujua tu.

Muhula huu mwalimu mkuu akaniita ofisini. Shule imeamua kuwakusanya vipanga, wale watoto 12 ambao mtihani wa saa moja na nusu wanaumaliza kwa dakika 20 halafu wanaanza kusumbua wenzao, wapewe vipindi vyao vya ziada. Serikali ina shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, lakini hizo ni za sekondari. Hawa wangu wengine hata meno hayajamaliza kuota. "Nimekuchagua wewe kwa sababu una uvumilivu," akasema. Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Lini umesikia mtu anasifiwa uvumilivu halafu akapewa kitu chepesi?

Mimi nikafurahi. Vipanga si watajifundisha wenyewe! Nikamtangazia mama watoto, akapika pilau, siku ya Jumanne.

Siku ya kwanza naingia, wanasimama. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, kaeni. Hawajakaa vizuri, mkono juu. Kabinti ka miwani, kimo hakifiki kitasa cha mlango.

"Mwalimu, wanasema shikamoo maana yake nashika miguu. Nikimsalimia bibi kwenye simu, nashika miguu ya nani?"

Saa mbili na dakika tatu asubuhi. Chaki bado iko kwenye boksi.

Nikamwambia hilo tutalijadili baadaye, leo ni sayari. Nikachora 9 kwa mbwembwe, maana hizo nilizikariri utotoni na zikanipatia zawadi ya daftari mbele ya wazazi. Kugeuka, mikono 12 iko juu. Pluto, wakaniambia, alivuliwa usayari mwaka 2006, siku hizi ni sayari kibete. "Kwani mwalimu hukupata taarifa?" Aliyeuliza hakuwa na kejeli hata chembe. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba. Mwaka 2006 nilikuwa nahangaika na kidato cha nne, nani angeniletea habari za Pluto?

Kesho yake nikaja na mbinu. Nikawapa swali refu ili nipate nafasi ya chai: mwaka mmoja una sekunde ngapi? Nimefika ofisi ya walimu, andazi nimeling'ata mara moja, mlango unagongwa.

"Mwalimu, mwaka upi? Wa kawaida ni 31,536,000. Mrefu ni 31,622,400."

Nikawaambia wakahakiki. Uongo mtupu, wa kuhakiki nilikuwa mimi. Nikatoa simu chini ya meza, nikafungua kikokotoo, nikakosea mara mbili, ya tatu nikapata jibu lao. Andazi limeshapoa.

Lakini kisa kilichonimaliza ni cha maziwa. Kijana wa dawati la mbele aliniuliza kama ni kweli maziwa ya moto huganda kuwa barafu kabla ya maziwa baridi. Nikacheka. Nikamwambia nenda kakae, acha mzaha. Hakukaa. Akaanza kunisimulia habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inagombewa, Mpemba akaona akisubiri maziwa yapoe atakosa. Akayaingiza yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya mengine. Baadaye alipouliza darasani, mwalimu akamdhihaki kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Mwaka 1969 likatoka andiko lake na Profesa Denis Osborne, na wanasayansi hadi leo wanabishana juu yake kwa jina lake.

"Sasa mwalimu," kijana akamalizia, "Mpemba tunamjua. Yule mwalimu wake anaitwa nani?"

Darasa kimya. Nilihisi jasho linatafuta njia ya kushuka mgongoni.

Basi tukafanya jaribio. Ningefanyaje? Maziwa yakatoka kwenye chai ya walimu, friji ni ile ya ofisini kwa mwalimu mkuu, na ruhusa niliiomba kwa namna ambayo hakunisikia. Vikombe viwili, kimoja cha moto, kimoja baridi. Watoto wakapanga zamu ya kuchungulia kila baada ya dakika 15, wana na jedwali. Tatizo likawa walimu. Mmoja anafungua kutafuta soda yake, mwingine anatafuta maji, wa zamu anafungua tu apate upepo, joto la mchana mnalijua. Hadi kengele ya mwisho vikombe vyote viwili vilikuwa uji uji.

Ripoti wakaandika wenyewe, kurasa nne. Nilikuwa naisoma huku natabasamu, nikafika kipengele cha kasoro za jaribio. Ya kwanza: "Walimu wenye kiu." Ya pili: "Msimamizi hakuwa na mpango." Nakala wameshampelekea mwalimu mkuu, ambaye siku hiyo alikunywa chai ya rangi mbele ya wageni. Maziwa nimelipa mimi, lita mbili.

Nikarudi nyumbani jioni nimebanwa kwenye daladala, kichwa kinagonga. Mwanangu wa darasa la pili, yule anayeshika namba 38 kati ya 41, akanifuata na daftari.

"Baba, saba mara nane ngapi?"

"Hamsini na sita."

Akaandika. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza nimejuaje. Aliandika tu, ulimi nje, akafunga daftari.

Nikamwita arudi, nikamwambia aniulize tena.