Sindano Haikunifunga Kizazi

Miezi minane baada ya kuacha sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, mama mkwe alikuwa akinitazama tumbo kabla ya uso. Hapa Langoni, Lamu, nyumba zimebanana na siri hazina pa kukaa. "Mwanangu," aliniambia, "damu ya hedhi ya miaka miwili ya sindano imegandamana kizazini. Tutafute dawa ya kuiteremsha." Alisema kwa huruma. Nami nililia usiku kucha, kwa sababu nilimwamini.

Hakuna damu iliyogandamana. Ile sindano huzuia yai lisipevuke, huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, na utando wa ndani hubaki mwembamba. Utando usiponenepa, hakuna cha kutoka. Kisha dawa hukaa msulini na kuisha polepole, hata wanawake wengi hushika mimba kama miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine hupita mwaka. Kijiti cha kupanga uzazi, kile cha chini ya ngozi ya mkono, kikitolewa, uwezo hurudi upesi. Hayo mawili tu, nesi angeniambia kabla ya kunidunga! Zahanati ile hakunifunulia mtu mdomo.

Na kizazi si mfuko mtupu. Kina walinzi wake, seli za kinga ambazo huongezeka kila mwezi baada ya yai kutoka. Mimba nusu yake ni ya baba, kwa hiyo mwili ungeweza kuiona mgeni na kuipiga vita. Homoni ya projesteroni ndiyo huwatuliza walinzi hao, na baadhi yao hugeuka wasaidizi: huipanua mishipa ya damu ili kondo la nyuma lipate chakula. Nilipolielewa hili niliuheshimu mwili wangu upya.

Dawa ya sindano hufanana na projesteroni lakini si yenyewe, na inaweza kugusa kinga kwa njia nyingine. Ndiyo maana wataalamu waliuliza kama inawaweka wanawake karibu na virusi vya ukimwi. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake 7,829 katika nchi nne, Kenya ikiwemo, uliilinganisha na kijiti na koili ya kopa inayowekwa kizazini, na haukuona tofauti kubwa. Swali lilikuwa la haki, na jibu tunastahili kulijua.

Kinachofunga mirija ya uzazi mara nyingi ni magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono zisizotibiwa, na hizo hazitajwi ukumbini. Mume naye hapelekwi kupimwa, ilhali tatizo mara nyingi huwa kwake. Hili linaniuma mpaka leo, hata baada ya kushika mimba mwezi wangu wa kumi na tatu wa kungoja.

Mpwa wangu anakwenda zahanati Jumatatu. Nimemwambia, kabla hajakunja mkono wa buibui, aulize: "Nikiiacha, mtoto nitamngoja muda gani?"