Zizi la Wasirikwa lisigeuzwe ploti

Kila ninapoona shamba likikatwa vipande vya futi hamsini kwa mia pembezoni mwa Nakuru, hujiuliza: nani amelitembea kabla trekta haijaingia? Kuanzia huku hadi Uasin Gishu, vibonde vingi vya mviringo vilivyo mteremkoni havikuchimbwa na mvua. Ni mazizi ya Wasirikwa, wafugaji wa nyanda za juu ambao makazi yao yaliachwa kufikia karne ya 18. Simulizi za Wakalenjin bado zinawataja kuwa ndio waliotangulia.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba Hyrax Hill, kilima chenye mashimo ya aina hii karibu na Nakuru, mwaka 1937. Zamani ilidhaniwa kwamba watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Uchimbaji wa baadaye ulionyesha mambo mengine: shimoni walilala ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni, mlango wake ukifungukia zizini. Hilo hunigusa sana, kwani mfugaji yeyote anajua raha ya kusikia mifugo yake ikicheua usiku. Samadi na matope vilizolewa na kusukumwa nje ya lango, upande wa chini, mpaka likawa rundo kubwa. Katika takataka hizo mna mifupa ya mifugo na vigae vya vyungu, yaani habari za walichofuga na walichopikia. Plau inaweza kulisawazisha rundo hilo kwa asubuhi moja.

Hyrax Hill imelindwa tangu 1943, na ina makumbusho tangu 1965. Lakini ua wake unazunguka kilima kile tu. Mashimo mengine yamo katika mashamba ya watu, na simlaumu aliyekopa sacconi akanunua ekari yake ili apande mahindi. Lawama yangu ni kwa wanaoidhinisha ugawaji. Barabara ya kuingilia huachwa, njia ya maji huachwa. Zizi la karne nyingi linakosaje futi zake? Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 ipo. Kaunti idai shamba likaguliwe na mtaalamu wa mambo ya kale kabla bikoni, zile alama za mipaka, hazijapigwa.

Kama shimo liko kwenu, msilijaze mawe ya shambani wala taka. Liacheni na nyasi zake, kondoo walishe humo, kisha mpige picha na kupeleka habari Hyrax Hill. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, kando ya barabara ya Nairobi.