DAR ya huku na Dar ya kwetu

Kuna chama huku Marekani ambacho kifupi chake ni DAR. Mbongo akikutana na tangazo mlangoni mwa maktaba ya mji mdogo, "Mkutano wa DAR, Jumamosi saa nne asubuhi", lazima acheke kidogo kabla hajasoma linaloendelea. Siyo Dar yetu. Ni Daughters of the American Revolution, Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani: wanawake ambao mababu zao walimpiga Mwingereza, au walimsaidia aliyempiga, katika vita vya uhuru vya 1775 hadi 1783. Saa nne ikifika, kikao kinaanza. Hakuna anayesubiriwa, maana mgeni rasmi hayupo.

Hapo kwenye mgeni rasmi ndipo roho inaniuma: wenzetu wanatunza majina ya waliopigana, sisi tunatunza jina la mgeni rasmi.

Najua majibu yanayokuja. "Umebeba boksi huko Marekani miaka miwili mitatu, leo unatufundisha uzalendo." Sawa wakuu, boksi tumebeba. Lakini tuliangalie jambo lenyewe kwanza, matusi yatakuwepo tu.

Chama hiki kilizaliwa kwa hasira. Mwaka 1889 wanaume walianzisha umoja wao wa kizazi cha wapigania uhuru, na mwaka uliofuata wakaamua wanawake wasiingie. Julai 1890 Mary Smith Lockwood akaandika barua kwenye gazeti la Washington Post akiuliza kama mapinduzi yale yalikuwa na akina baba peke yao. Tarehe 11 Oktoba 1890 chama kikaanzishwa Washington, na Rais wake wa kwanza akawa Caroline Harrison, mke wa Rais wa nchi wa wakati ule. Tawi la kwanza, la Chicago, lilizinduliwa 20 Machi 1891. Miezi mitano tu. Kwetu miezi mitano bado tunatafuta fundi wa kuchonga mhuri.

Tawi jipya linahitaji wanawake wasiopungua 12. Lina mwenyekiti, mhazini, katibu wa kuandika muhtasari, katibu wa barua, mwanahistoria, na mtu mmoja ambaye kwetu hatuna hata jina la cheo chake: msajili wa nasaba. Huyu ndiye roho ya tawi. Mwombaji akisema "babu yangu alipigana", msajili hapigi makofi. Anaweka mezani fomu yenye mstari kwa kila kizazi, kuanzia kwa mwombaji mwenyewe, kisha mzazi, bibi, mama wa bibi, hadi kwa yule mzalendo. Kila mstari unadai kuzaliwa, ndoa na kifo. Kigumu zaidi ni kiungo: karatasi inayosema kwamba huyu ni mtoto wa yule. Unaweza kuwa na vyeti kumi na ombi likakwama kwa sababu ya kiungo kimoja mwaka 1820.

Makosa yanayoangusha watu yanajulikana. La kwanza ni majina yanayofanana: wanaume wawili wa jina moja katika wilaya moja, mmoja alipigana, mwingine alilima tu, na familia imeunganisha wote wawili kuwa babu mmoja shujaa. La pili ni kutegemea karatasi ya zamani ya chama chenyewe. Miaka ile ya mwanzo walikubali neno la familia bila ushahidi mwingi, kwa hiyo leo mtu analeta ombi la shangazi yake la zamani na anaambiwa nasaba hiyo ithibitishwe upya. Chama kinajikagua chenyewe. Mnielewe kwa nini natikisa kichwa.

Ushahidi mzuri unatoka kwenye mafaili ya pensheni. Moto wa Novemba 1800 kwenye ofisi ya vita uliteketeza maombi ya mwanzo, kwa hiyo yaliyobaki mengi ni ya sheria za baadaye, hasa za 1818 na 1832. Namba ya faili ikianza na S, askari alipata pensheni mwenyewe. W ni mjane. R ni aliyekataliwa. Usilidharau R. Aliyekataliwa alilazimika kujieleza: alitumikia chini ya nani, alivuka mto gani, nani alimwona. Na faili la mjane ndilo hazina zaidi. Sheria ya 1836 ilipowafungulia wajane mlango, walitakiwa kuthibitisha ndoa, na wengi hawakuwa na cheti. Wakachana ukurasa wa Biblia ya nyumbani ulioandikwa majina ya watoto kwa mkono, wakautuma Washington. Upo hadi leo, pembeni umechanika.

Hapo sasa ndipo mnaponisubiri. "Unawasifia wabaguzi." Nawasifia kazi ya ukatibu, sijawasifia roho zao. Mwaka 1939 chama hiki kilimnyima Marian Anderson ukumbi wake, Constitution Hall, kwa sababu ni mwimbaji Mweusi. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa wakati ule, akajitoa uanachama, na Anderson akaimba nje, kwenye mnara wa Lincoln, tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Mwanachama Mweusi wa kwanza anayejulikana, Karen Batchelor, aliingia 1977. Na ile fomu ninayoisifia yenyewe ina ubaguzi ndani yake hata kama aliyeishika ni malaika. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya, lakini watumwa waliandikwa kwenye orodha ya pembeni: umri, jinsia, rangi, bila jina. Mjukuu wa mtumwa ataleta kiungo gani? Baada ya ugomvi mrefu, chama kililazimika kutafuta wazalendo Weusi na Wahindi Wekundu waliopigana vita vile, na kitabu chao cha 2008 kina majina zaidi ya 6,600. Karatasi ilimfungia mtu nje, kisha watu walewale wakaingia kwenye karatasi kumtafuta.

Sasa nyumbani. Sisi tuna vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tunajua vilianzia Umatumbini, Nandete, kwa kung'oa pamba. Tunajua makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, yanafika 250,000 hadi 300,000. Songea, angalau, pana kaburi la halaiki la mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906, pana makumbusho, na kila Februari pana kumbukumbu. Songea naivulia kofia. Lakini toka nje ya Songea. Katika kijiji cha kawaida cha Kusini, uliza: nani alikufa hapa, mwaka ule, kutoka ukoo upi? Utapewa mzee mmoja. Mzee yule akifariki, utapewa fulana iliyochapishwa kwa ajili ya maadhimisho.

Na mawe yetu yanaandikwa nini? "Jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa Fulani, tarehe fulani." Herufi za dhahabu, marumaru nyeusi. Jina la aliyekata utepe tunalo kila wilaya. Jina la aliyekatwa kichwa hatuna.

Mtasema mkoloni ndiye aliyeharibu. Kweli, na ushahidi ni wake mwenyewe. Aprili 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba katika Vita ya Kwanza ya Dunia watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Wapagazi wetu wamo humo, wale wa Carrier Corps walioiachia Kariakoo jina lake. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar imesimama tangu 1927, ikiahidi kwamba watoto watakumbuka majina ya waliopigana, na yenyewe haina jina hata moja. Sawa, mkoloni. Lakini tangu 1961 kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?

"Wao wana hela." Hili ndilo jibu linalonichosha kuliko yote. Chukueni mawe ya mpaka wa Washington. Mwaka 1791 na 1792 yalisimikwa mawe 40 ya mchanga kuuzunguka mji mkuu mpya, moja kila maili, na katika kuanza upimaji alikuwemo Benjamin Banneker, Mweusi huru aliyejifunza elimu ya nyota mwenyewe. Mwaka 1915 matawi ya DAR ya pale yakaanza kugawana mawe, tawi hili jiwe lile, na kuyazungushia uzio wa chuma. Leo 36 bado yapo palepale au karibu na hapo. Uzio wa chuma wa namna ile ni kazi ya mchomeleaji yeyote wa mtaani. Kwetu bikoni ya kiwanja ikimaliza miaka mitano bila kuhamishwa usiku ni bahati.

Au kusafisha kaburi. Vifaa ni ndoo mbili za maji, brashi laini ya nailoni au nyuzi za mmea, na subira. Kwanza gonga jiwe kwa vidole. Likilia bovu kama pango, au chembe zikidondoka kama sukari, liache. Likiwa zima, lilowanishe sana, halafu sugua kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Usitumie brashi ya waya wala mashine ya kuoshea magari. Na jiki ndiyo sumu kubwa: inang'arisha leo, inaacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, chumvi ikikauka inavimba, na baada ya misimu michache uso wa jiwe unabanduka na jina lake. Siki na ndimu zinayeyusha marumaru. Rangi ya mafuta, ambayo sisi tunaipenda kuelekea sikukuu, inafungia unyevu ndani. Kibandiko cha shaba cha DAR hakiwekwi bila ruhusa ya mwenye makaburi na ushahidi wa utumishi. Kwa Waislamu wa Pwani, ambao wengi hawataki mbwembwe juu ya kaburi, kibandiko hakihitajiki. Jina likae kwenye daftari.

Daftari, basi. Kaunta buku ya kwaya nne (quire 4) inatosha kijiji kizima. Kila mtu ukurasa wake: jina, jina la baba, jina la mama, ukoo, na kijiji cha zamani. Hicho cha mwisho msikiruke. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu na kuwaacha marehemu walipokuwa, kwa hiyo kijiji cha sasa hakitakuonyesha kaburi. Mzee akisema "mwaka wa nzige" au "wakati wa Keya" (KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza), andikeni hivyohivyo alivyotamka. Mwaka wa kalenda uandikwe pembeni kwa penseli, maana ndio utakaokosewa. Jina la babu likirithiwa na mjukuu, andikeni ni mtoto wa nani kila linapotajwa, la sivyo mtazaa yule shujaa wa watu wawili wa kule juu. Msibane kwa pini, zinashika kutu na kula karatasi. Shoneni kwa uzi. Nakala tatu: moja kwa katibu, moja maktaba ya mkoa, moja Nyaraka za Taifa. Mkiacha moja tu kwa katibu, siku akifariki itafungia karanga.

Kuna atakayesema sisi ni watu wa simulizi, karatasi si utamaduni wetu. Jamani. Watu hawahawa wanaandika michango ya harusi hadi shilingi ya mwisho, nani katoa, nani kaahidi, nani kakimbia. Daftari la harusi la mwaka juzi linapatikana sasa hivi.

Na kama mtaanza, anzeni na akina mama, maana ndio wanaoondoka bila kuandikwa. Bibi Titi Mohamed tunamjua. Mwaka 1955 alipochukua uongozi wa wanawake wa TANU alipita kwenye vikundi vya ngoma vya Dar, lelemama na vinginevyo, yeye mwenyewe akiwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Wale waliokuwa wanaitikia nyuma yake, waliouza kadi nyumba kwa nyumba, majina yao yako wapi? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule kazaliwa 1935. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawachosha, muwe wawili, mmoja aulize na mmoja aandike. Shikamoo kwanza, halafu jina la mama yake. Mgeni rasmi mwacheni ofisini.